Hollis Hafutiki

Jamani kaeni niwaambie, maana nikinyamaza nitapasuka! Nimefunga chuo juzijuzi tu, nafika nyumbani Macon nakuta albamu yetu ya kwanza, tuliyoirekodi likizo iliyopita, iko tayari, na sasa nyumbani hakuna anayemsemesha mwenzake.

Kisa ni binamu yetu Hollis, mpiga gitaa. Alikwenda redioni akaulizwa, huu mchanganyiko wa bluzi, jazi na roki ya kwetu Kusini mmeutoa wapi? Akajibu, "Kichwani mwangu. Thurlow ni mpiga kinanda tu."

Tu! Kaka yangu Thurlow, aliyeanzisha bendi! Tulikuwa mezani tunamsikiliza, huku tunakula kuku wa kukaanga. Kaka akaliweka paja chini, akasema taratibu, "Huyo sitaki hata harufu yake kwenye albamu yangu."

Asubuhi tukawa studio. Mimi ni mwitikiaji, kwa hiyo niliyaona yote.

"Mzee Pruitt," kaka akamwambia fundi wa sauti, "futa gitaa la Hollis. Nyimbo zote. Nitaweka mtu mwingine."

Pruitt akazima sauti ya maiki ya Hollis kwenye mashine, akawasha tepu. Loo! Gitaa likasikika vilevile, kwa mbali, linalia kama mtu aliyefungiwa stoo. Kumbe liliingia pia kwenye maiki za ngoma. Limo hata kwenye yangu.

"Mbona bado yupo?"

"Si ulikataa mbao za kuwatenganisha wakati wa kurekodi?" Pruitt akamcheka usoni. "Nani alinifokea kwamba baba zenu walipiga chumba kimoja, jasho kwa jasho, na wewe si kuku wa kuwekwa bandani? Haya, kula sasa."

"Basi tunarekodi upya. Leo hii. Bila yeye."

"Wewe na nani?" Hollis huyo mlangoni, miwani ya jua usoni, anatafuna kijiti. "Na hivyo vidole vyako vya kwaya ya watoto?"

"Toka, nyoka we!"

"Nitoke mara ngapi, bwana mkubwa? Umenifuta na bado naimba."

"Kaka, acha!" nikapiga kelele. Wapi! Ngumi ilisharuka. Hollis akainama, ngumi ikatua kwenye fremu ya mlango. Mlio ule, mama yangu! Kama kuni kavu inavunjika.

Hospitali wakamfunga kaka plasta mpaka kiwikoni, mkono wa kulia. Mpiga kinanda wa mkono mmoja atarekodi nini? Na kampuni ya muziki imeshatangaza tarehe ya kuitoa albamu, haisubiri mtu. Pruitt akaiwasha tena maiki ya Hollis, akapeleka kazi kama ilivyo.

Jana tukapiga picha ya jalada la albamu. Mpiga picha akawaomba kaka na Hollis wasogeleane.

"Nikimsogelea nitamng'ata," kaka akasema.

"Ng'ata tu, kupiga si umeshindwa," Hollis akamjibu.

Ikabidi nisimame kati yao wasiuane. Kwa hiyo mimi, mwitikiaji wa nyuma, ndiye niliye katikati ya jalada, na gauni langu la njano! Wao wamepeana migongo, wamenuna kama wafiwa. Mama kanikanya nisicheke. Nilijitahidi jamani, lakini mkiliona mtaona meno yangu yote.