Pepeta ya Safari ya Mtoni

Kila mwaka, mvua za vuli zikichelewa na njia ya kando ya mto Kilombero ikakauka, Kristina hutembea huko na rafiki zake wawili, Evelina na Agnella. Chakula cha safari hiyo ni chake, hakuna anayemwingilia. Ni pepeta: mpunga uliovunwa ungali mbichi kidogo, ukakaangwa chunguni mpaka ukanukia, ukatwangwa wa moto, makapi yakapepetwa, zikabaki chembe bapa kama magamba ya samaki mdogo. Huianika, akaitia kwenye ndoo yenye mfuniko, ikae tangu mavuno ikingojea siku hiyo.

Mwaka huu walikuwa wanne. Wa nne ni Rosemery, mwanamke wa Kisukuma ambaye yeye na mumewe walihamia upande wa Malinyi na ng'ombe, kisha akaja Ifakara kufungua kibanda cha cherehani karibu na soko. Evelina alikwenda kwake kushonewa gauni la harusi, akarudi na rafiki.

Hiyo harusi ndiyo iliyomnyima Kristina usingizi. Januari Evelina anaolewa na Beno, na mpaka leo hajasema nani atamsimamia. Msimamizi si pambo jamani. Ndiye anayekaa ubavuni mwa bibi harusi kanisani, anamfuta jasho, anamshikia gauni, na baadaye mume na mke wakigombana ndiye anayeitwa. Atakuwa nani mwingine? Waliopata kipaimara siku moja ni wao wawili. Aliyekaa naye kwenye mkeka siku zote za msiba wa mama yake Evelina ni Kristina.

"Siku ya mtoni nitasema neno," Evelina alikuwa ameahidi.

Bajaji iliwashusha karibu na daraja, wakashika njia ya mchanga, wakikaa mbali na maji kwa ajili ya mamba. Jua lilikuwa kali, hata ndege wamenyamaza kwenye matete. Mbele walikwenda Evelina na Rosemery chini ya mwavuli mmoja, wakinong'ona, wakicheka, wakigongana mabega. Nyuma Kristina na kapu lake kichwani, na Agnella na dumu la maji.

"Mama Kasmiri, mbona unatembea kama umebeba jeneza?" Agnella akamchokoza Kristina, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Jua linaniumiza kichwa."

"Jua gani hilo, linaloitwa Rosemery?"

 Kristina alikuwa anautazama ule mwavuli. Ulikuwa wake, alimwazima Evelina mwaka jana.

Walipumzika kwenye kivuli cha matete. Agnella akaenda kujisaidia kichakani, Evelina akasogea pembeni kuzungumza na Beno kwenye simu. Kristina akafungua kapu, akamwaga pepeta kwenye sahani, akanyunyiza sukari.

"Ndiyo hii pepeta?" Rosemery akauliza. "Kwetu mimi nimezoea michembe, viazi vya kukausha. Hii tamu, dada!" Akatia mkono, akatia tena, anatafuna kavu hivyo hivyo.

Sasa kila mgeni aliyewahi kula pepeta ya Kristina ameambiwa maneno yale yale: iloweke kwanza, na ukiila kavu usifuatishe maji mengi, itakuvimbia tumboni kama wali sufuriani. Maneno yalimfika Kristina kwenye meno. Akayameza. Akachukua kikombe kikubwa, akakijaza mpaka juu.

"Kunywa, mdogo wangu. Jua kali."

Rosemery akanywa chote, akashukuru, akaomba kingine.

Hawakwenda mbali. Rosemery alianza kwa kulegeza kitenge, kisha akasimama, kisha akakaa chini ameshika tumbo. "Limekaza kama ngoma," akasema, na jasho likamtoka. Evelina akapiga kelele, akampepea kwa mtandio, akampangusa uso. Njia ile bajaji haipiti, basi yeye na Agnella wakarudi mbio kutafuta bodaboda.

"Kristina, usimwache!" Evelina aliita kwa mbali.

Wakabaki wawili. Kristina alimlaza Rosemery ubavu, akaanza kumsugua mgongo taratibu.

"Dada Kristina," Rosemery akasema kwa shida, "usinune tena. Msimamizi ni wewe. Anakuambia leo."

Mkono wa Kristina ulisimama. "Amekuambia?"

"Aliniomba mimi kwanza. Nikamwambia haiwezekani, mimi nasali AIC, na padri wenu anataka Mkatoliki aliyefunga ndoa kanisani. Akasema, basi, Kristina."

Basi, Kristina. Kama mtu aliyekosa sato sokoni akachukua perege. Alitamani kuinuka aende zake, lakini mwanamke yule alikuwa amemlalia pajani.

"Yale maji nilikupa makusudi," Kristina akasema. "Nilijua yatakuumiza."

 Rosemery akaanza kucheka, akijishika tumbo, "Ai, ai, usinichekeshe! Najua. Ulikuwa unanitazama kama ng'ombe anayemwona mwenzake analamba chumvi." Akapiga mbweu mara moja, kwa nguvu, akapata nafuu.

Evelina alirudi anahema, bodaboda inafuata nyuma ikikwama mchangani. Alimkuta mgonjwa amekaa. Akaiangalia sahani, akaangalia kikombe, akamgeukia Kristina.

"Hukumwambia?"

"Sikumwambia. Na wewe hukuniambia kwamba mimi ni wa pili."

Agnella akajifanya anatazama mto. Evelina aliinamisha kichwa, akachezea mpini wa mwavuli.

"Ni kweli, nilimwomba yeye kwanza," akasema. "Ananichekesha, Kristina. Na harusi inanitisha. Lakini sasa nakuomba wewe. Utakubali?"

Kristina alitaka kusema hapana, ili walau neno moja liwe lake. Akamtazama mwenziwe, jasho linamtiririka mpaka shingoni. Akachukua ncha ya khanga yake, akamfuta.

"Nitasimama," akasema. "Na huo mwavuli nirudishie."

Kisha akamimina maji juu ya pepeta iliyobaki, akaiacha ilainike vizuri, akawagawia. Wa kwanza kumpa alikuwa Rosemery. Kidogo.