Chumba cha Britta Humfuata

Ijumaa jioni Marlys Lindquist alikuwa jikoni akipakua chili, mchuzi wa nyama na maharage, na mkate wa mdalasini pembeni kama wanavyokula watu wa Nebraska, aliposikia misumari ikiachia mbao nyuma ya nyumba. Alizima jiko akaenda kuangalia. Chumba cha binti yake kilikuwa kimeondoka. Mlango ulibaki kwenye fremu yake, na ukiufungua unatazama mahindi ya jirani. Akaenda kuleta turubai.

Britta, mwenye miaka minane, alikuwa amechukuliwa na baba yake, Dale, jioni hiyohiyo. Kesi ya talaka ilikuwa bado mahakamani, na kwa muda jaji aliamuru mtoto akae na mama, na kila wiki ya pili aende kwa baba Ijumaa mpaka Jumapili. Dale alikuwa amepanga chumba kimoja juu ya duka la matairi. Wakili wa Dale alihofia kwamba huko mtoto hana pa kulala.

Simu ikalia.

"Chumba kimefika huku," Dale alisema. "Kimejibandika upande wa maegesho."

"Na kitanda?"

"Na kitanda, na yule samaki wake. Marlys, mimi sikukiita."

"Najua. Mlishe samaki."

Jumapili Britta alirudi, na chumba kikarudi naye. Jirani, bibi Verna, alikitazama kikijipachika, akasema vyumba vya watoto wa talaka ndivyo vilivyo. "Cha mpwa wangu kilikuwa kinavuka hadi jimbo la Iowa. Utakoma baridi ikija, binti yangu."

Mahakama ikamtuma afisa ustawi wa jamii, bwana Pell, akague nyumba zote mbili kabla jaji hajaamua mtoto atalelewa na nani. Pell alichagua Jumamosi, na ilikuwa Jumamosi ya Dale. Marlys alimwomba aje Jumatatu.

"Mama, nikikuhurumia wewe, itabidi nihurumie kila mtu."

Alianzia kwa Dale. Alimkuta Britta kitandani akimsomea samaki kitabu. Akayasifu mapazia.

"Mama yake ndiye aliyeyashona," Dale alisema, maana hakuwa mtu mwongo.

Mchana Pell alifika kwa Marlys, akafungua mlango wa nyuma na nusura atumbukie shambani.

"Mtoto analala wapi?"

"Humo."

"Humo kuna mahindi, mama."

"Leo yuko kwa baba yake. Chumba kimemfuata."

"Nimekiona. Chumba kizuri sana," Pell alisema. "Lakini hapa nimetumwa kukagua nyumba yako."

Jaji alisikiliza pande zote kwa subira. Alisema hana shaka kwamba chumba ni kilekile. Ila sheria ya jimbo inaangalia maslahi ya mtoto, na nyumba ya baba ina chumba, ya mama ina mlango wa kutumbukia nje. Britta akapewa baba. Mama atampata kila wiki ya pili, Ijumaa mpaka Jumapili, na kila mwezi atatoa fedha za matunzo, pamoja na za kupasha joto chumba cha mtoto. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, lakini waliokaa mahakamani siku ile hawakuuona ukirudi nyuma. Inauma kulisema hili, na aliyelilipia ni Marlys.

Theluji ilipoanza, fundi alikuja kuangalia ule mlango.

"Nikuzibie, au nikujengee chumba kingine hapohapo? Ukiwa na chumba, watakusikiliza."

"Cha Britta kikija Ijumaa kikute pamejaa, kitakaa wapi?"

Fundi alifikiri, akaona ni kweli. Akaweka mpira chini ya mlango ili upepo upungue, akakunja vifaa vyake.

Marlys aliomba kesi iangaliwe upya, na mahakama ikakubali. Pell atakuja kukagua nyumba Jumamosi. Marlys alitazama kalenda ya ukutani: ni Jumamosi ya Dale. Alipiga simu, akajibiwa kwamba ratiba imeshapangwa.

Jioni hiyo alichukua ufagio akaenda kwenye ule mlango. Alibisha hodi, kwa kuwa Britta hapendi watu kuingia chumbani kwake bila hodi. Akangoja kidogo, akafungua, akafagia theluji iliyojaa kizingitini, kisha akaufunga taratibu.