Mdakaji wa Akiba

Hruska alikuwa amechuchumaa pembeni mwa uwanja wa besiboli, akidaka mipira ya kupasha misuli. Ndiyo iliyokuwa kazi yake msimu mzima. Warushaji wote wa timu ya chuo walianzia kwenye glavu yake, lakini mechi ikianza, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ni Voss. Alfajiri hiyo Hruska alikuwa amekwisha kupanga makreti ya maziwa dukani, kwa kuwa ada ilipanda tena na ufadhili hana. Voss anao. Voss huamka jua limekwisha kupanda, anakula bure bwaloni, halafu anakuja kumtania: "We kaka, mbona sura kama soli ya kiatu?"

Lakini leo ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, na Kocha Lindell alikuwa ameahidi kuwaanzisha wote wa mwaka wa nne, Hruska akiwemo. Baba yake Hruska alikuwa ameacha zamu kiwandani, kule wanakokata nyama ya ng'ombe, akavuka nusu ya Nebraska kwa gari bovu ili aje kumtazama.

Kocha akaja akikwepa macho ya Hruska. "Mwanangu, kuna mtu wa timu ya kulipwa amekuja kumwona Voss akicheza."

"Uliniahidi, Kocha."

"Niliahidi, ndiyo. Sasa mkuu wa michezo kanipigia. Chuo kinataka jina."

"Na baba yangu aliyekaa pale?"

"Mwambie pole."

Hruska akaketi kwenye benchi. Wivu ukampanda kifuani kama kiungulia. Mpinzani mmoja alipojaribu kuiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia kabla mpira haujapigwa, Voss aliutupa mpira kwa nguvu ukamtangulia, jamaa akatolewa. Jukwaa zima likainuka. Hata baba yake Hruska aliinuka, akapiga makofi juu ya kichwa.

Baadaye kidogo mpira ulikwaruza gongo la mpigaji, ukageuza njia na kumpiga Voss kwenye mkono usio na glavu. Akapiga magoti. Kabla hajaitwa na mtu, Hruska alikwisha kufunga kinga za miguuni. Alifurahi, na hakuona haya.

Voss aliletwa kwenye benchi akiwa amekaza meno. Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda kwa upande.

"Kimevunjika hicho, Kocha," Hruska alisema. "Niingize mimi."

Kocha hakukitazama kidole. Alitazama jukwaani, alikokaa yule mgeni wa timu ya kulipwa, mwenye miwani. "Mfungeni plasta. Anarudi."

"Kocha, lakini..."

"Kaa chini, Hruska!"

Voss akamvuta shati, akanong'ona, "Nyamaza, kaka, tafadhali. Nikitoka leo, ufadhili ndiyo basi. Wameshaniambia."

Jasho lilikuwa likimtiririka Voss mpaka kidevuni. Hruska alijua kwamba hapo ndipo mtu mwenye utu angemhurumia mwenzake.

"Bora wewe," akamjibu. "Una kitu cha kunyang'anywa."

Voss akarudi uwanjani, watu wakamshangilia kwa ushujaa wake. Hruska akazifungua kinga, moja baada ya nyingine. Kila Voss alipomrudishia mrushaji mpira kwa mkono ule, Hruska alimwona akitikisika mabega kwa maumivu. Naye, akiwa ameweka magotini vidole vyake vyote vizima, bado alimwonea wivu.