Kaburi Lililolala Kombo

Jeshi la watu elfu sitini halipiti kwa mkulima likamwachia kuku. Katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, Jeshi la Kaskazini lilikuwa na siku kumi likiikata Georgia, jimbo la Kusini, limeacha maghala yake mbali, na sasa lilikula kile lilichokikuta njiani. Kila asubuhi kila kikosi kilitoa watu wachache wakapekue mashamba, na jioni walirudi na mikokoteni imejaa viazi vitamu na nyama za wenyewe.

Katika kikosi chake hakuna aliyemshinda Enos Hadley kwa kazi hiyo, na sababu yake inatia aibu kidogo: yeye mwenyewe alikuwa mkulima, wa Indiana. Mkulima anajua mkulima mwenzake anaficha wapi. Alizunguka uani akichoma ardhi kwa chuma chembamba cha kushindilia baruti bundukini, na palipokuwa laini, palichimbwa. Wenyeji wakaanza kuficha mali kwenye makaburi ya uongo. Wiki ile alifukua matatu. La kwanza lilikuwa na mapaja ya nguruwe, la pili vijiko vya fedha, na la tatu, lenye ubao ulioandikwa “Shangazi Yetu Mpendwa”, lilikuwa na pipa la asali ya miwa. Wenzake walilamba vidole wakaomba shangazi wa pili.

Kwa Keziah Tullis hapakuwa na cha maana. Banda lilikuwa tupu, na mwanamke mwenyewe alikaa barazani peke yake, mikono mapajani. Lakini nyuma ya nyumba, chini ya mwaloni, palikuwa na tuta fupi la udongo mbichi.

“Pale kalala nani, mama?” Koplo Gage, mkuu wao, akauliza.

“Mwanangu Wiley. Nimemzika Jumapili.”

“Pole. Ila siku hizi kila nyumba ina msiba, na kila marehemu ananukia nyama ya moshi.”

Watu wakacheka. Enos hakucheka, alikuwa analitazama tuta. Lilikuwa limelala kaskazini kwa kusini. Kwao Indiana, na huku pia, maiti hulazwa miguu mashariki, ili siku ya ufufuo asimame akiikabili alfajiri. Hata mchimba kaburi mlevi halikosei hilo.

“Hili la uongo,” akasema. “Nani anamlaza mwanawe kombo?”

“Nimekwambia ni mwanangu.”

“Hata shangazi wa juzi alikuwa mtu, mama.”

Akachukua sepetu. Alipofika kina cha goti, sepetu iligusa kitu laini. Akapiga magoti, akainua pembe ya blanketi la viraka. Kilichotokeza ni kiguu kimoja kidogo, ndani ya soksi ya kufumwa.

Gage akavua kofia. Wengine wakakumbuka ghafla kwamba nyumbu wanahitaji maji. Enos alibaki vilevile, na laiti ardhi ingempasukia angeishukuru.

Keziah alikuja taratibu, wala hakupiga kelele.

“Ni mizizi,” akasema. “Nilianza vizuri, nikaikuta mizizi. Shoka walishachukua watu wa jeshi letu wenyewe, na mwanamume hapa hakuna. Nikamlaza palipokubali. Sasa umeshafukua. Mlaze sawa.”

Enos akatoa shoka mkokotenini.

“Ukimaliza utufuate upesi,” Gage akamwambia. “Wapanda farasi wa Kusini wakikukuta peke yako hawatakuuliza jina.”

Alikata mizizi, akachimba upya. Mama ndiye aliyemshusha mtoto mwenyewe, kichwa magharibi, miguu mashariki. Enos akafukia, akasawazisha udongo kwa viganja. Alipoinuka kuchukua bunduki yake, akaliona alilolifanya: tuta lilikuwa bichi kuliko asubuhi. Na barabarani vumbi lilikuwa halijatua. Nusu ya jeshi ilikuwa bado haijapita, na kila kikosi kilikuwa na hodari wake wa kufukua.

Akaiegemeza bunduki kwenye mti, akaketi kando ya kaburi.

“Nenda, mwanangu,” Keziah akamwambia. “Watakuua watu wa huku.”

“Siendi, mama. Mpaka wapite.”

Haikuchukua muda wakaingia wanne wenye vyuma mkononi.

“Oya, la leo leo hilo!” mmoja akashangilia. “Toka hapo, usile peke yako!”

“Nimeshachimba mimi,” Enos akasema. “Hamna kitu.”

Wakasonya, wakaenda zao. Enos hakuthubutu kugeuza uso kuelekea barazani, maana maneno yale yalikuwa yamefika huko. Lakini angesema nini kingine? Angewaambia kuna mtoto, wangecheka kama walivyocheka wenzake asubuhi, wangechimba kama alivyochimba yeye. Likaja kundi la pili, akarudia yaleyale.

Jua lilikuwa limeinama lilipotokea kundi la tatu, watu sita na sepetu mbili. Enos akasimama. Akafungua kinywa, na neno halikutoka. Machozi yakamshuka mbele ya watu.

“Huyu vipi?” mmoja akauliza, huku anasogeza sepetu.

Keziah Tullis akashuka barazani. Akaja mpaka kwenye tuta, akasimama kati ya sepetu na mwanawe, akawatazama wote usoni.

“Huyu ameshachimba,” akasema. “Hamna kitu.”