Mistari Mitatu Mitupu

Baba alisema kutia mbegu mashimoni ni kazi ya watoto na wageni. Msimu ule nilipokuwa na miaka tisa, mtoto nilikuwa mimi, na mgeni alikuwa shangazi, mdogo wake baba, aliyerudi nyumbani baada ya kuachana na mumewe. Alikuja na sanduku moja na kicheko cha kusikika mpaka zizini. Alilala chumbani kwangu. Nilimpenda kupita kiasi, na mama akasema tunafanana hata kwa uvivu.

Baba hakuona cha kuchekesha. Kila tukikaa kula, alikuwa na neno.

"Dada, bado hujamaliza kupumzika?"

"Kaka, nipe msimu mmoja tu," shangazi alimjibu siku moja. "Nikikuangusha, naondoka mwenyewe."

Baba akakubali. Akampa upande wa chini wa shamba, na mimi niwe msaidizi wake. Yeye achimbe mashimo kwa jembe, mimi nitie mbegu mbili kila shimo na kufukia kwa mguu.

Asubuhi nilifanya kazi kwa mbwembwe, nikihesabu kwa sauti: mbili, hatua, mbili, hatua. Kufikia saa saba jua lilikuwa limenikaa utosini, mgongo unaniuma, na zile mbegu kwenye bakuli ni kama zinazaana. Shangazi alikuwa mbali mbele, ameinama, hageuki nyuma. Ndipo nikafanya ujinga wangu. Mistari mitatu ya mwisho nilifukia mashimo matupu, kisha nikaenda pembeni mwa shamba, nikachimba shimo moja na kumimina humo mbegu zote zilizobaki.

Nilimwonyesha shangazi bakuli tupu.

"Mwanangu, wewe ni moto wa kuotea mbali!" akasema.

Nikatabasamu, Mungu anisamehe. Katika akili zangu zote nilisahau jambo moja tu, kwamba mbegu huota.

Mvua ikanyesha, na baada ya wiki moja mahindi yakachomoza. Mistari ilikuwa imenyooka vizuri, isipokuwa ile mitatu, mitupu kabisa. Pembeni palikuwa na kichaka cha miche iliyobanana, inagombea shimo moja. Baba alituita, akanyoosha kidole.

Shangazi alikitazama kile kichaka, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimeuma mdomo mpaka naonja damu.

"Ni mimi, kaka," akasema. "Nilichoka."

"Basi msimu wako umeisha," baba akajibu.

Aliondoka kesho yake. Alikunywa chai taratibu, akafunga sanduku, akamuaga mama. Nilikuwa na asubuhi nzima ya kusema ukweli, na sikufungua kinywa. Alikwenda kufua nguo kwenye nyumba za watu, akaugua, akafia katika chumba cha kupanga kabla sijamaliza shule. Maisha yangu yote nimejua kwamba nilimfukuza mimi.

Mwaka jana, baba akiwa mzee anayesikia kwa sikio moja, tulikaa uani tukipukuchua mahindi. Sijui nilipatwa na nini, nikalisogelea lile sikio.

"Baba, zile mbegu nilizifukia mimi. Siyo shangazi."

Mikono yake haikusimama.

"Najua," akasema. "Nilikuwa kule juu nafungua ng'ombe. Nilikuona ukimimina."

"Sasa kwa nini ulimfukuza?"

"Nilikuwa natafuta sababu. Mkanipa."

Alisema hivyo kwa sauti ileile anayoombea maji. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi, hata machozi nilikuwa nayo tayari. Badala yake nilishikwa na hasira ambayo sikuwahi kuijua. Nikainuka, nikakung'uta sketi, nikamwacha na rundo lake apukuchue mwenyewe.