Siku ya Tisa ya Mgomo

"Kushuka ni kushuka!" Wolfgang alipaza sauti kutoka upande wake wa ua wa minyaa. "Siwezi kuandika kwamba mtu alishuka mgodini kidogo."

"Andika nilishukia nini."

"Umoja haukuuliza sababu. Ulihesabu vichwa."

"Basi hesabu vichwa, Ndugu Katibu, mimi uniache na pampu yangu."

Basili hakuinua uso. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, pampu ya kisima cha kitongoji imelala miguuni pake kama mbuzi aliyechunwa, naye anakata washa ya ngozi, kile kipete cha kubana maji ndani ya pampu, kwa kisu kikali. Washa haitaki hasira. Ukiikata pana inakwama, ukiikata nyembamba maji yanarudi chini, na akina mama watavuta hewa tupu mpaka jua lizame.

Mkewe Genoveva alikuwa akipepeta maharage, macho kwenye ungo, masikio uani. Pale Nangwa ugomvi wa nyumba mbili ni wa watu wote, na mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alishaona heri aitue, afunge kanga yake upya, taratibu kabisa.

"Shemeji," Genoveva akamwita Wolfgang, "kuku wako wanavuka kila siku kuja kula kwangu. Wewe tu miaka thelathini hujaijua njia."

Mama wa ndoo akacheka mpaka akashika kiuno.

Njia Wolfgang aliijua. Walitoka naye Basili hapo hapo Nangwa, vijana, wakaenda kusini kuchimba makaa ya mawe. Wolfgang alipasua makaa, Basili alitunza pampu za kutoa maji shimoni. Mwaka tisini na tatu dari lilishuka likaua watu wanne, na kabla hawajazikwa meneja akataka zamu irudi chini. Siku hiyo ndipo Umoja wa wachimbaji ulipozaliwa, bila kibali cha mtu. Mwenyekiti akawa Felician wa Dongobesh, katibu Wolfgang. Wakafunga lango, wakalala hapo siku ishirini na mbili, wanakula chungu kimoja, na wakaapa: atakayeshuka mgomo haujaisha, mwanachama hatakula naye tena mpaka kaburini.

Mgodini kila mtu alikuwa na kipande cha shaba chenye namba. Ukishuka unakitoa ubaoni, ukipanda unakirudisha. Asubuhi ya siku ya tisa kipande namba arobaini na saba hakikuwapo. Kilikuwa cha Basili. Wolfgang akaandika jina.

Baadaye walishinda. Magogo mapya ya kuegemeza dari yakaletwa, wajane wakalipwa, na Basili akarudi kwao peke yake. Wolfgang naye alipostaafu akarudi kwenye shamba la baba yake, ubavuni mwa Basili. Hakuwa jirani mbaya. Mama yake Basili alipofariki, Wolfgang alikuwa wa kwanza kushika sururu kuchimba kaburi. Chakula kilipoanza kupakuliwa, akajifuta udongo akaondoka.

Sasa Felician naye amezikwa, wiki iliyopita tu, na watoto wake wanataka historia ya Umoja iandikwe, isomwe kwenye misa ya arobaini. Wolfgang alikuwa ameshajaza nusu ya kaunta buku.

"Baba Agatha, sema neno!" Genoveva aliweka ungo chini, akamgeukia mumewe. "Wajukuu wako watakaa kanisani wasikie babu yao msaliti. Mimi mwenyewe hujawahi kuniambia ulikwenda kufanya nini kule."

Kisu kilizunguka polepole. Alfajiri ile ya siku ya tisa, aliyemwamsha Basili pale langoni wenzao wamelala alikuwa Felician mwenyewe. Maji yamefika magotini, alisema. Tukishinda tutarudi kufanya kazi wapi? Wakashuka wawili. Felician alishika taa, Basili akawasha pampu. Walipokuwa wanapanda, mwenyekiti akamshika mkono: wakijua na mimi nilishuka, mgomo unavunjika leo leo. Basili akaahidi. Ahadi ile Felician hakuwahi kumfungulia, na Jumamosi iliyopita walimfukia nayo.

"Andika hivi," Basili alisema. "Nilishuka kuwasha pampu. Peke yangu."

Lango dogo la mbele likalia, na Wolfgang akaingia, kaunta buku kwapani. Mama wa ndoo alimtazama usoni, akajitwika ndoo yake akaenda.

"Ubaoni vilikosekana vipande viwili," Wolfgang alisema.

Kisu kikasimama.

"Arobaini na saba, na kumi na mbili cha mwenyekiti. Yeye mwenyewe nilimwona akikirudisha, matope mpaka mapajani. Nikaandika kimoja."

"Ulijua."

"Siku ile ile. Nilisema tukishinda nitasahihisha. Tukashinda, wakatubeba mabegani. Nikaona aibu, Basili, na aibu yangu ikapata sheria ya kujifichia."

"Ulichimba kaburi la mama yangu ukaondoka na njaa!"

"Ningekaa kwenye sahani yako ningesema."

Genoveva alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Basili aliiinua washa akaitazama kwenye mwanga. Kisu kilikuwa kimekula ndani ya alama. Imeharibika. Aliitupa, akachukua kipande kingine cha ngozi, kisha nacho akakiweka chini.

"Na watoto wa Felician?"

"Bado wanamlilia." Wolfgang alimnyooshea kitabu. "Andika wewe. Vyovyote utakavyoandika nitatia sahihi."

"Mikono yangu ina grisi."

Kitabu kikabaki hewani kati yao, mpaka Wolfgang akakilaza juu ya bomba la pampu. Upepo wa mlima Hanang ukafunua kurasa mbili tatu, ukaziacha. Genoveva aliingia jikoni, akasikika akisonga, mwiko ukigonga sufuria. Wazee wale wawili walimsikiliza mpaka alipomaliza.

Alirudi na jagi na beseni. Basili akanawa kwanza, kwa sabuni, kidole kimoja kimoja, hana haraka. Kisha akalichukua jagi mwenyewe.

"Leta mikono," alimwambia Wolfgang. "Pita ndani tule."