Kitita cha Posa na Dawa ya Mafua

Muthomi alikuwa na pua iliyoziba kama mtaro wa soko, na kesho yake watu wa kijana Mugendi walikuwa wanakuja kumposa binti yake, Kananu. Hebu fikiria baba mtu anapiga chafya mbele ya wakwe! Akashuka mjini Maua, akaingia kwenye duka la dawa la Kagure, mama asiye na haraka hata foleni ikifika barabarani.

"Hii inafungua pua na kulegeza makohozi," Kagure akamwambia. "Moja asubuhi, moja jioni, na maji mengi. Usichanganye na dawa ingine ya homa. Mzee, uko na presha?"

"Mimi? Niko fiti."

"Kuna kitu ingine unatumia?"

"Hakuna."

Hakusema uongo. Miraa aliipanda, akaichuma na kuitafuna tangu ujana. Kumtajia mtu wa dawa kungekuwa sawa na kumtajia chai. Kagure naye hakuiuliza kwa jina.

Asubuhi ya posa Muthomi akameza vidonge viwili kwa mpigo, maana kimoja alikiona kidogo kwa mwanamume wa kwao Igembe. Pua ikafunguka, sauti ikarudi. Mjinga wa watu akajisifu mbele ya kioo.

Wageni wakafika. Msemaji wao, mzee Gikunda, akaweka mezani kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Katika koo hizi mbili maana yake ilijulikana: baba akikifungua na kutafuna, mazungumzo yameanza; binti akikiondoa, amekataa, na wageni waende zao. Muthomi akakifungua. Akatafuna huku wakiongea, akaongeza, akaongeza tena.

Ndipo moyo ukaanza kwenda mbio. Kwanza alidhani ni furaha. Kisha ukamgonga shingoni, ukamgonga masikioni, jasho likamtoka. Aliogopa, lakini zaidi alistaajabu: hakuwahi kujua kwamba ndani yake mna kitu chenye nguvu hivyo, kisichomwomba ruhusa. Ila angeachaje kutafuna mbele ya wakwe? Akanyoosha mkono kuchukua kijiti kingine.

Kananu alikuwa akimimina chai. Akauona mkono wa baba ukicheza, akakumbuka onyo la moyo kwenye pakiti ya dawa aliyoiona jikoni. Akatua birika, akakinyakua kitita na kukitupa nje.

Mugendi akainamisha kichwa. Kananu alijua alichofanya. Machozi yalimtoka, lakini hakurudi nyuma.

"Baba amekunywa dawa ya mafua," akasema. "Na hii miraa itamuua. Tumpeleke hospitali sasa hivi!"

Mugendi ndiye aliyeinuka wa kwanza kuwasha gari.

Hospitalini wakambandika nyaya kifuani, na mstari wa kijani ukaanza kurukaruka kwenye skrini.

"Presha iko juu sana," daktari akasema. "Hiyo dawa inakimbiza moyo, na miraa pia inakimbiza. Wewe umeweka zote, na dozi umeongeza. Mtu wa presha asiguse hiyo dawa kabla ya kuuliza daktari."

Muthomi aliyasikia, lakini macho yake hayakubanduka kwenye ule mstari. Miaka yote hiyo, akilima, akilala, akigombana na majirani, kitu hicho kilimfanyia kazi bila kupumzika na yeye hajakishukuru hata siku moja. Mstari ukatulia polepole, naye hakuthubutu hata kukohoa.

Gikunda akasogea kitandani. "Mzee, pole sana. Lakini desturi ni desturi. Binti aliondoa kitita. Tuseme amekataa?"

Muthomi akamtazama Kananu, aliyesimama kando ya ukuta na macho mekundu. Msichana huyu alikuwa ametupa harusi yake mwenyewe ili yeye apumue.

"Muulizeni yeye," akasema. "Mimi nimejua leo tu ninaishi na nani."

Gikunda, ambaye katika posa zote alizosemea hakuwahi kumwuliza binti mwenyewe, akavua kofia na kumgeukia Kananu.